Haroub Hayupo; Msimamo Wetu Uko Wapi?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mikocheni, Dar es Salaam, kuhusu mtu ambaye naamini hahitaji kutambulishwa kwako: marehemu Profesa Haroub Othman. Alitutoka akiwa Unguja, Jumapili ya tarehe 28 Juni 2009. Matanga yalianuliwa zamani. Hata hivyo tuliopita mikononi mwake Mlimani, kila habari ya Gaza inapoingia kwenye simu zetu, tunaulizana: Haroub angekuwapo leo angesema nini? Ninavyoona mimi, swali hilo tunalielekeza kwa marehemu kwa sababu tumekosa wa kumuuliza miongoni mwa walio hai. Kwa hiyo nakuuliza wewe.

Haroub alikuwa Mzanzibari, mwanasheria, na kwa miaka mingi mwalimu wa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alikuwa kiongozi wa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992 ili mtu asiye na fedha ya wakili naye apate pa kukimbilia. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuhubiriwa ili aisemee Palestina. Mwenye ardhi amefukuzwa, analeta hati zake, hasikilizwi: kwa mwanasheria wa wanyonge hiyo ni kesi ya kila siku, iwe ya Makunduchi au ya Hebron. Vita vya mwisho vya Gaza alivyoviona maishani mwake vilikuwa vile vya Desemba 2008 na Januari 2009, vilivyoua Wapalestina zaidi ya 1,300. Wakati ule tulidhani ndio ukomo wa ukatili. Sasa, kwa hesabu za wizara ya afya ya Gaza, waliouawa tangu Oktoba 2023 wamepita 60,000.

Niseme na hili, maana mitaani kwetu hivi sasa Palestina inagawanywa kama pilau ya shughuli, huyu ana haki nayo na yule hana, kwa kuangalia nani anakwenda msikitini na nani kanisani. Aliyeijenga sera yetu kuhusu Palestina alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku.

Na aliijenga kwa gharama. Israel ilikuwa rafiki yetu wa mwanzo mwanzo. Waisraeli walitusaidia kulianzisha Jeshi la Kujenga Taifa, na hoteli ya Kilimanjaro tuliyokuwa tukijivunia ilichorwa na wasanifu wao. Pamoja na hayo, Oktoba 1967, mbele ya mkutano wa TANU pale Mwanza, Mwalimu Nyerere alisema waziwazi kwamba kuundwa kwa Israel kulikuwa uchokozi dhidi ya Waarabu. Katika hotuba hiyohiyo alisema pia kuwa Tanzania inaitambua Israel na kwamba urafiki wetu na nchi za Kiarabu hautufanyi tuwachukulie maadui zao kuwa maadui zetu. Ndivyo msimamo unavyotakiwa kuwa, Mheshimiwa: una pande mbili, na zote mbili zinasemwa kwa sauti, mbele ya watu. Oktoba 1973 tulivunja uhusiano wa kibalozi. PLO ikapata ofisi Dar es Salaam, katika mji uleule uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Novemba 1988 Wapalestina walipotangaza taifa lao kule Algiers, hatukumaliza mwezi kabla ya kulitambua. Kila hatua ilikuwa na sababu iliyotajwa, na mwananchi wa kawaida aliweza kuieleza.

Hatua zilizofuata nani anaweza kuzieleza? Mwaka 1995 tulirudisha uhusiano. Mei 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv, mwezi uleule Marekani ilipohamishia wake Jerusalem. Sisemi ubalozi ni dhambi. Tuna watu wetu kule, na ni lazima wawe na pa kugonga hodi. Vijana wetu wawili waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023, na wazazi wao walistahili serikali iliyo karibu na tukio. Anayeililia Gaza akashindwa kuwalilia vijana wale, simwelewi. Ninacholalamikia ni kwamba tulihama kutoka msimamo mmoja hadi mwingine kimyakimya, kama mpangaji anayehama usiku.

Najua nitajibiwa kwa kura tunazopiga New York. Kura si kitu kidogo. Lakini tazama Afrika Kusini, ambayo tarehe 29 Desemba 2023 iliipeleka Israel mahakamani The Hague. Ni taifa linaloongozwa na chama ambacho watoto wake walisoma Mazimbu, Morogoro, kwenye ardhi tuliyowapa sisi. Mwanafunzi akimpita mwalimu, mwalimu hufurahi. Furaha hiyo ninayo. Ila najiuliza mwalimu mwenyewe alistaafu lini, na nani alimsainia barua.

Sikuombi hotuba ya rambirambi. Haroub alikuwa mtu wa sheria, basi niulize kisheria. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuwepo kwa Israel katika ardhi ya Palestina inayokaliwa ni kinyume cha sheria, na kwamba nchi zote zina wajibu wa kutoitambua hali hiyo na kutosaidia iendelee. Wizara yako imeutekelezaje wajibu huo? Mikataba yetu ya kilimo na biashara inatofautisha mashamba yaliyo ndani ya Israel na yale ya walowezi wa Ukingo wa Magharibi? Kijana wa Kitanzania akipelekwa kujifunza kazi, nani anahakiki analima ardhi ya nani? Haya yanajibika kwa ukurasa mmoja. Naomba ukurasa huo usomwe bungeni, kwa Kiswahili.

Jingine ni majalada. Kumbukumbu za wizara kuhusu Palestina, kuanzia 1967 hadi 1995, zikabidhiwe Nyaraka za Taifa na kufunguliwa kwa watafiti. Saida Yahya-Othman amefanya sehemu yake: 2013 maandishi teule ya Haroub, mumewe, yalitoka kitabuni kwa jina la *Yes, In My Lifetime*, naye akiwa mhariri. Kijana anaweza kusoma alichofikiri profesa mmoja. Serikali yake ilifikiri nini hawezi kusoma, ingawa wengi walioziandika barua zile wamekwishatangulia mbele ya haki na siri iliyobaki humo sidhani kama inamdhuru mtu.

Ukija Dar es Salaam, karibu Mikocheni. Pale Soma, Regent Estate, vitabu vipo, kahawa ipo, na vijana watakaokuuliza haya kwa ukali kuliko mimi wapo pia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwanafunzi wa zamani wa Haroub,
Mikocheni, Dar es Salaam

Nakala: Kamati ya Bunge inayoshughulikia mambo ya nje