Taa ya kumpigia bibi picha

Mzazi mwenzangu, Desemba watoto wakirudi Mkuu, Rombo, mpigeni bibi picha ya maana. Sebuleni ni giza, migomba imeziba dirisha, na flashi ya simu humng'arisha paji la uso na kuacha kivuli kikali ukutani.

Huna hela? Mkalishe mlangoni mchana, uso uelekee nje. Ukinunua, chagua taa ndogo ya LED ya kuchaji, inayopunguzwa mwanga, yenye maandishi CRI 95 au zaidi. Rangi ya ngozi hutoka ilivyo. Iweke pembeni, juu kidogo ya macho yake, na kitambaa chepesi cheupe mbele yake.

Msisubiri msiba ndipo mkuze picha ya kitambulisho.