Jumba la bwana halikusimama peke yake

Mwandishi anayetaka nyumba za zamani za wakubwa wa kampuni ya madini ya Union Minière hapa Kolwezi zihifadhiwe, eti ndizo majumba yetu ya kifahari kama yale ya mabwana wa Uingereza, amesoma nusu ya ukurasa.

Chukua jumba moja la huko Uingereza: Stokesay, kule Shropshire, lilijengwa mwishoni mwa karne ya 13 na Laurence wa Ludlow, mfanyabiashara wa sufu. Ukumbi wake unavutia, sikatai: mbao nzito za paa, madirisha marefu. Lakini kumbi za namna hiyo ndimo wakulima walimolipia kodi na kuhukumiwa. Bila wao, ule ni ukuta tu.

Hapa vilevile. Mji huu ulianzishwa 1937 kwa ajili ya shaba. Baraza pana na bustani vilikuwa vya bwana. Mfanyakazi alipewa nyumba ya kampuni kambini, pamoja na posho na zahanati, na kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Mwandishi wetu kambi hakuiona.

Halafu kuna mtaa wa Kasulo, papa hapa mjini. Kobalti ilipogunduliwa chini ya makazi mwaka 2014, watu walichimba hadi ndani ya vyumba vyao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikabomolewa na kuzungushiwa ukuta, ikawa mgodi. Je, nyumba zile aliziandikia makala?

Hifadhini baraza za wakubwa mkipenda. Ila kwanza ichorwe ramani ya kambi na ya Kasulo, maadamu wanaozikumbuka wangali hai.