Shabaha Bila Madhara

Wapenzi wengi wa mchezo wa shabaha huichagua bunduki ya wenzo itumiayo risasi ndogo za .22. Ni nyepesi, na kishindo chake si kikubwa. Hata hivyo, udogo wa risasi hiyo usituhadae: huweza kuruka zaidi ya kilometa 1.5. Hapa Songea shamba la mahindi humficha mkulima. Huko visiwani nyumba zimekaribiana mno.

Tena, nyingi za bunduki hizo huhifadhi risasi katika bomba lililo chini ya mtutu, na moja yaweza kusalia humo bila kuonekana. Kwa hiyo mnunuzi asitazame uzuri wa mti wake, bali achague ile awezayo kuikagua mwenyewe na kuhakikisha kuwa ni tupu.

Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inamtaka mwenye bunduki awe na leseni. Lakini leseni haizuii risasi. Tuta la udongo huizuia. Tunawasihi viongozi wa wilaya, bara na visiwani, watenge viwanja vya shabaha vyenye matuta hayo. Asiye na mahali salama pa kulengea, hakuna bunduki imfaayo.