Lugha ya Nyumbani Mlangoni mwa Darasa: Hoja kwa Walimu wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Suala la lugha ya kufundishia nchini Tanzania limejadiliwa kwa muda mrefu, na mara nyingi mjadala huo umekuwa na pande mbili tu: Kiswahili na Kiingereza. Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya kufundishia katika elimu ya msingi, wataalamu wake wamedai kwamba hatua hiyo iendelezwe hadi sekondari na vyuo vikuu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza hivyo mwaka 1982, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Katika miaka yote hiyo hoja kuu ya watetezi wa Kiswahili imekuwa moja, nayo ni nzito: mwanafunzi hujifunza vyema kwa lugha anayoielewa.

Makala haya yanaikubali hoja hiyo bila shaka yoyote. Yanachouliza ni kwa nini hoja hiyo huishia pale Kiswahili kinapoanzia. Wapo watoto wa vijijini ambao siku ya kwanza ya shule hawajui Kiswahili, au wanajua kidogo cha salamu na cha dukani. Kwa watoto hao, lugha ngeni ya kwanza darasani si Kiingereza bali ni Kiswahili. Inadaiwa hapa kwamba mwalimu wa Kiswahili asiyeithamini lugha ambayo mtoto huyo anatoka nayo nyumbani anaibomoa kwa mkono mmoja hoja anayoijenga kwa mkono wa pili.

2.0 Hali Ilivyo

Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulitoa atlasi ya lugha mwaka 2009 ikionyesha kwamba nchi ina takriban lugha 150. Nyingi kati ya hizo ni za Kibantu, lakini si zote. Katika eneo la kati na kaskazini ya kati, Kiiraqw cha Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, Kirangi cha Kibantu, na Kisandawe chenye sauti za vidoko zinapatikana katika nchi zilizo jirani kabisa. Si mataifa mengi yenye utajiri wa namna hiyo.

Msimamo rasmi kuhusu utajiri huo una sura mbili. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inawahimiza wananchi kujivunia lugha za jamii zao, na inataka lugha hizo zitafitiwe na kuandikiwa kamusi na sarufi. Wakati huohuo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilitambua lugha mbili tu katika elimu, yaani Kiswahili na Kiingereza, na sera zilizofuata hazikuzipa lugha za jamii nafasi ya kufundishia. Matokeo yake ni kwamba lugha hizo zinasifiwa kwenye ngoma na matambiko, lakini zinakatazwa kwenye lango la shule.

Katazo hilo si la maandishi tu. Katika shule kadhaa mtoto akisikika akizungumza lugha ya kwao huchapwa, hupewa kazi ya kufagia, au huvishwa kibao shingoni hadi atakapompata mwenzake wa kumpa. Hata jina linalotumika linatoa hukumu: lugha ya mtoto huitwa "kilugha". Mwanafunzi yeyote wa isimu anajua kazi ya kiambishi ki- katika neno hilo. Lugha yenye mfumo kamili wa sauti, sarufi na fasihi imefanywa kuwa kitu kidogo kabla mtoto hajafumbua kinywa.

3.0 Mkuki kwa Nguruwe

Adhabu ya kibao ina historia inayofahamika vizuri kwa wanataaluma wa Kiswahili. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alieleza jinsi watoto wa shule nchini Kenya wakati wa ukoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Kigikuyu, na jinsi kitu cha kuonyesha kosa kilivyopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto ili wote wafundishwe kusalitiana. Maelezo hayo yamenukuliwa mara nyingi katika semina za Kiswahili kama ushahidi wa unyama wa kasumba ya kikoloni. Kibao hicho kinapotumika dhidi ya Kisukuma au Kimaasai kwa faida ya Kiswahili, hakigeuki kuwa uzalendo. Mtoto anayekivaa anapata funzo lilelile: kwamba lugha ya mama yake ni kosa.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Watetezi wa Kiswahili hulalamika, na kwa haki, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anapokaa kimya kwa sababu hakielewi Kiingereza cha mwalimu wake. Kimya cha mtoto wa Darasa la Kwanza kule Mbulu au Ngorongoro hakina sababu tofauti. Tofauti pekee ni kwamba kimya cha pili hakina msemaji, kwa kuwa wale ambao wangekisemea ndio wenye lugha inayokisababisha.

4.0 Hasara kwa Kiswahili Chenyewe

Ingekuwa kosa kudhani kwamba anayepoteza ni mtoto peke yake. Ufundishaji wa Kiswahili nao unapoteza nyenzo bora iliyo karibu nao. Walimu wengi wamezoea kuyaita makosa ya wanafunzi "athari za lugha mama", kana kwamba jina hilo ni tiba. Mwanafunzi anayeandika "kura" akikusudia "kula" hana uvivu. Huenda anatoka katika mojawapo ya lugha kadhaa za Kibantu zisizotofautisha /l/ na /r/, na kwa hiyo anafuata kanuni ya lugha yake kwa uaminifu. Mwalimu anayeifahamu kanuni hiyo anaweza kumwonyesha mahali mifumo miwili inapoachana. Asiyeifahamu hubaki na kalamu nyekundu.

Hali ni hiyohiyo katika sarufi. "Mtu" kwa Kisukuma ni munhu na wingi wake ni banhu. Kwa Kihaya ni omuntu na abantu. Kwa Kigogo ni munhu na wanhu. Mtoto wa jamii hizo anafika shuleni akiwa na upatanisho wa kisarufi kichwani. Anachohitaji ni kuonyeshwa jinsi Kiswahili kinavyoutumia, si kufundishwa kama mtu asiyejua lolote. Mtoto wa Kiiraqw, kwa upande wake, anatoka katika lugha isiyo na ngeli za Kibantu na ambayo huzigawa nomino zake kwa jinsia. Anastahili njia nyingine kabisa. Kitabu kimoja kinachowachukulia watoto hawa wote kuwa wazawa wa Unguja hakimtendei haki hata mmoja wao.

Isitoshe, Kiswahili sanifu chenyewe kimekopa kutoka lugha hizi. Neno "ikulu" linatokana na lugha za Wanyamwezi na Wasukuma, "kitivo" limetoka Upareni na Usambaani, na "ngeli", ambalo hakuna mwalimu wa sarufi anayeweza kufanya kazi bila ya kulitamka, limetoka Uhayani. Fasihi nayo ina deni. Aniceti Kitereza aliiandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe katika miaka ya 1940. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kama lugha ya Kikerewe ingekuwa imekwisha kunyamazishwa, Kiswahili kisingekuwa na riwaya hiyo.

5.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni umoja wa taifa. Hakuna anayeweza kukanusha kwamba Kiswahili kilikuwa chombo kikubwa cha kudai uhuru na cha kuwaunganisha wananchi baadaye. Lakini waliojenga umoja huo hawakuzikana lugha zao. Julius Nyerere alikulia katika Kizanaki, kisha akawa bingwa wa Kiswahili aliyefasiri tamthiliya za Shakespeare. Hakuna ushahidi kwamba Kizanaki kilimpunguzia utaifa. Kinachotenganisha watu ni kudharauliana, na kibao shingoni ni somo la dharau.

Pingamizi la pili ni gharama na wingi wa lugha. Hili lina uzito wa kweli. Haiwezekani kuandaa vitabu vya masomo yote kwa lugha 150, na darasa la mjini huweza kuwa na watoto wa lugha kumi. Mwalimu naye mara nyingi hupangiwa kazi mbali na kwao. Lakini pingamizi hili linajibu hoja ambayo haikutolewa. Kuithamini lugha ya nyumbani si lazima kumaanishe kuifanya lugha ya kufundishia miaka saba. Kuruhusu watoto waelezane jambo kwa lugha yao kabla ya kulijibu kwa Kiswahili hakugharimu hata shilingi moja.

Pingamizi la tatu ni kwamba lugha ya nyumbani huchelewesha lugha ya pili. Mradi wa Ife nchini Nigeria, ulioanza mwaka 1970, ulitumia Kiyoruba kufundishia miaka yote sita ya msingi huku Kiingereza kikifundishwa kama somo, na wanafunzi wake hawakuachwa nyuma hata katika Kiingereza hicho. Huo ndio ushahidi ambao watetezi wa Kiswahili wameutumia kuhusu sekondari. Haufai kusahauliwa unapohusu Darasa la Kwanza.

6.0 Hitimisho

Mambo manne yanaweza kuanza bila kungoja sera mpya. Kwanza, adhabu za lugha zikomeshwe katika shule zote, ziwe zinatetea Kiswahili au Kiingereza. Pili, katika elimu ya awali na madarasa mawili ya mwanzo, mwalimu aruhusiwe na ahimizwe kutumia lugha ya watoto kwa mdomo pale inapoeleweka na wengi, na asiyeijua asaidiwe na mzazi au mwenyeji. Tatu, vyuo vya ualimu vifundishe isimu linganishi ya msingi, ili neno "athari" liwe mwanzo wa maelezo badala ya kuwa hukumu. Nne, sarufi na kamusi za lugha za jamii zilizokwisha kuandikwa na idara za vyuo vikuu zitolewe kwa muhtasari mwepesi wa kumfaa mwalimu wa kijijini. Zikibaki maktabani zitawafaa watahini peke yao.

Kiswahili hakihitaji kuogopa lugha zilizokilisha. Idara inayokitaka kiingie sekondari na vyuo vikuu kwa hoja ya kueleweka inalazimika kuifikisha hoja hiyohiyo hadi kwa mtoto wa miaka sita ambaye bado hakielewi.