Kahawa Isiyo na Ukoo
Hershey ni ukoo, ni mji, ni chokoleti. Milton Hershey alianza kujenga kiwanda mwaka 1903 huko Pennsylvania, Marekani, mji ukaota pembeni yake, ukaitwa kwa jina lake. Nasi Ruvuma majina tunayo: ita Komba au Ndunguru gulioni Mbinga uone vichwa vitakavyogeuka! Kapteni John Komba wa kikundi cha muziki cha TOT aliimba hadi nchi nzima ikaijua sauti yake, akaiwakilisha Mbinga Magharibi bungeni mpaka alipofariki 2015. Lakini kahawa? Mmatengo, mkulima wa Mbinga, huichuma mbivu, huimenya, huiosha utelezi, huianika kichanjani akiichagua kwa vidole, punje mbovu kando. Kisha inaingia gunia lisilotaja ukoo wa mtu. Kokoa ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, nayo husafiri bila mwenyewe. Mimi ningelipa hata bei ya kuruka kwa pakiti iliyoandikwa “Ndunguru na Wanawe, Mbinga”, tena bila picha ya twiga wala Mlima Kilimanjaro.