Chuo cha sanaa: Kwa nini daraja la nne laweza kukuacha nje ya lango

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, mitaa ya Upanga na Kariakoo huwa na aina mbili za vijana. Kuna wanaohesabu pointi kutafuta nafasi ya kidato cha tano, na kuna ambao kitabu hakikuwa upande wao lakini wanajua kucheza, kuimba, kupiga ngoma au kuigiza. Hawa wa pili huambiwa na ndugu na majirani: "Wewe nenda tu chuo cha sanaa, kule wanaangalia kipaji."

Ushauri huo una nia njema, lakini umewagharimu wengi. Mfumo wa Tanzania hauanzi na kipaji, unaanza na cheti. Kabla ya kuuliza chuo kinachukua wangapi kati ya wangapi walioomba, inafaa kujua nani anaruhusiwa kuomba.

Chuo kipi hasa?

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, jina la kwanza ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, takribani kilomita 70 kutoka katikati ya jiji. Ilianzishwa mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo, baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo kuvunjwa. Mwaka 2007 ikawa wakala wa serikali. Hufundisha ngoma, muziki, maigizo, sarakasi na fani nyingine, na ndiyo mwenyeji wa tamasha la kimataifa la sanaa ambalo wengi tunalijua kwa jina la Tamasha la Bagamoyo.

Jina la pili ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Huko ni ngazi ya shahada.

Alama D nne, na hesabu inayowapoteza wengi

Vyuo vya kati vinasimamiwa na baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, NACTVET. Kiwango cha chini cha kuingia ngazi ya nne, yaani astashahada ya awali, ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Ufaulu ni alama D au zaidi, na D inaanzia 30 kati ya 100. Chuo kinaweza kuongeza masharti yake juu ya hapo, ukiwemo usaili, lakini hakiwezi kushuka chini yake.

Wengi hudhani kwamba aliyepata daraja la nne tayari ana sifa hiyo. Si lazima iwe hivyo. NECTA hupanga daraja kwa masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Daraja la nne ni pointi 26 hadi 33. Sasa tuchukue wanafunzi wawili. Wa kwanza ana D nne na F tatu: jumla pointi 31. Wa pili ana C mbili na F tano: jumla pointi 31 vilevile. Wote wana daraja la nne, pointi zilezile. Lakini wa kwanza ana masomo manne ya ufaulu na anaweza kuomba. Wa pili ana mawili, na lango limefungwa, hata kama ndiye mpiga ngoma bora mtaani kwao.

Ukiongeza sharti la dini, hesabu inabana zaidi. Mwenye D nne ambaye moja ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu au Maarifa ya Biblia amebakiwa na tatu tu za kuombea chuo. Kwa hiyo usisome daraja peke yake. Soma somo moja moja.

Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na somo moja la ufaulu mkuu na jingine la ufaulu wa ziada kwa kawaida huanzia ngazi ya tano. Mhitimu wa kidato cha nne hupanda ngazi ya nne, ya tano na ya sita, na hapo hupata stashahada. Akimaliza na wastani wa 3.0 au zaidi, kanuni za Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, zinamruhusu kuomba shahada. Anayetokea kidato cha sita moja kwa moja anahitaji masomo mawili ya ufaulu mkuu yenye jumla ya pointi 4.0 au zaidi.

Takwimu zinaficha nini?

Shule ya Juilliard ya New York hupokea chini ya waombaji 10 katika kila 100. RADA ya London, kwenye shahada yake ya uigizaji, ina nafasi 28 kwa mwaka, na waombaji ni maelfu. Mtu akisoma hivyo anaweza kusema vyuo vyetu ni rahisi kuingia. Kulinganisha hivyo si sawa. Kule mchujo mkubwa ni usaili: unasimama mbele ya walimu, unaigiza au unapiga chombo, na anayekataliwa anahesabiwa kama mwombaji aliyekataliwa. Hapa mchujo mkubwa umeshafanyika kwenye chumba cha mtihani wa Hisabati, Baiolojia na Jiografia. Aliyeanguka pale hajazi hata fomu, na asiyejaza fomu haonekani kwenye takwimu yoyote ya chuo cha sanaa.

Kwa maneno mengine, asilimia ya waliopokelewa inaonyesha ushindani kati ya waliokwishavuka lango. Haituambii nchi imeacha vipaji vingapi nje.

Je, sharti la cheti ni kosa?

Lina hoja zake. Msanii husoma mikataba, huandika maombi ya ufadhili na husajili kazi zake COSOTA. Stashahada hufungua pia ajira ambazo kipaji peke yake hakifungui, kama uofisa utamaduni na ualimu. Na walimu wa sanaa watahitajika: Machi 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, zikafanya jumla kuwa 65, na sanaa ikawa moja ya makundi yake saba.

Lakini historia ya Kariakoo inasema jambo jingine. Vikundi vya taarabu kama Egyptian na Al-Watan, na bendi za dansi kama Mlimani Park, vililea wanamuziki kwa kuwaketisha kando ya waliowatangulia, na hakuna aliyeulizwa alama ya Fizikia. Mafundi waashi, seremala na makanika waliojifunza hivyo wana mpango wa VETA wa kupimwa na kurasimishiwa ujuzi wao. Mcheza ngoma wa miaka kumi naye anastahili mlango wa aina hiyo, unaomfikisha hadi stashahada.

Mfano upo. Shule ya maigizo ya Yale, Marekani, alikohitimu Mkenya Lupita Nyong'o mwaka 2012, hutoa shahada ya uzamili. Hata hivyo inaweza kumpokea mwenye kipaji asiye na shahada ya kwanza. Anasoma masomo yaleyale na kupewa cheti, na siku akipata shahada ya kwanza, cheti hicho hubadilishwa kuwa shahada ya uzamili. Kiwango hakishuswi, kinachobadilika ni wakati wa kulidai karatasi.

Ufanye nini sasa?

Kwanza, hesabu masomo ya ufaulu yasiyo ya dini. Yakifika manne, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET cha mwaka huo, ambacho huonyesha sifa, nafasi na ada za kila kozi. Uliza chuo chenyewe kama kuna usaili, na ujiandae.

Yakipungua, usilipe ada ya maombi kwa mtu anayekuahidi "kukuingiza". Jisajili kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukiweka nguvu kwenye masomo yaliyokosekana tu. Mwenye ufaulu wa masomo mawili ana safari ya masomo mawili, si saba. Wakati huo usiache mazoezi. Mtihani utakufikisha langoni. Ukishaingia, walimu watataka kuona unachoweza.