Ramani ya Mgeni, Mawe ya Mwenyeji

Mara nyingi twasikia habari za mainjinia na wasanifu wa majengo kutoka nchi za mbali wanaojitolea kuchora ramani za shule na hospitali za maskini, bila kudai ujira. Jambo hilo lastahili shukrani. Lakini yafaa tuulize: ramani njema huanzia wapi?

Mwaka 2006 habari za kuhuzunisha zilitoka Tugela Ferry, Afrika ya Kusini. Wagonjwa 53 walionekana kuwa na kifua kikuu sugu kisichosikia dawa, na 52 kati yao walikufa. Waganga walitambua kwamba ugonjwa huo ulikuwa ukienea ndani ya hospitali yenyewe. Aliyekuja kutafuta uzima aliweza kuvuta mauti katika hewa ya chumba.

Mwaka huohuo Michael Murphy, mwanafunzi wa usanifu huko Marekani, alimsikia daktari Paul Farmer akihutubu. Alimwuliza ni wasanifu gani wanaomsaidia kujenga hospitali zake, akaambiwa hakuna. Basi yeye na wenzake wakajitolea, wakachora hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011.

Huko Butaro njia za kupitia ziko nje, chini ya paa, ili watu wasibanane ndani. Madirisha ni mapana, na feni kubwa huisukuma hewa. Vitanda vimepangwa katikati ya chumba, mgonjwa apate kutazama milima, asimpumulie jirani yake usoni. Kuta ni za mawe ya volkano, yaleyale ambayo mkulima huyaona kuwa adha shambani mwake. Misingi ilichimbwa kwa majembe ya watu wa mahali, nao wakalipwa. Hivyo fedha iliingia katika nyumba zao, na ufundi wa uashi ukabaki mikononi mwao.

Hata Renzo Piano wa Italia, msanifu mwenye sifa ulimwenguni kote, alipochora hospitali ya upasuaji wa watoto huko Entebbe, Uganda, iliyofunguliwa mwaka 2021, kuta zake zilijengwa kwa udongo wa palepale ulioshindiliwa. Kwa nini basi sisi tuuonee haya udongo wetu?

Sisi wa Wamaza, pamoja na ndugu zetu wa Kasongo na Kabambare, tuna udongo, tuna miti, tuna waashi. Siku mgeni atakapokuja na karatasi yake, tumpokee kwa heshima, lakini tusikae kimya. Tumwonyeshe mvua hupiga kutoka upande gani. Tumweleze kwamba mgonjwa huja na jamaa zake, nao wahitaji mahali pa kulala na jiko la kupikia. Tumwulize hewa chafu itatokea wapi, na bati likitoboka ni nani atakayeliziba. Tumwombe vijana wetu wafanye kazi pamoja na mafundi, wajifunze. Kwa maana mgeni atarudi kwao, bali nyumba itabaki nasi.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji akificha maumivu yake, mgeni atamponya nini?